Maswali na Majibu: Uchaguzi wa Nusu Nchi, Ubelgiji 1884

Toleo lililopita tuliandika aya moja tu kuhusu Ubelgiji: kwamba tarehe 10 Juni 1884 kura zilipigwa katika mikoa mitano kati ya tisa, na serikali ya Waliberali ikaanguka. Aya hiyo imetuletea barua nyingi kuliko ukurasa wa mapishi, jambo lisilo la kawaida hapa ofisini. Tumejibu hizi.

Mhariri, nasoma historia chuoni na jedwali nililopewa linaniumiza kichwa. Linasema mwaka 1884 Chama cha Kikatoliki kilipata viti 86 kati ya 138. Ninyi mnasema karibu nusu ya nchi haikupiga kura. Sasa hivyo viti 86 vilitoka wapi? — Mwanafunzi, Kahawa Wendani

Jedwali lako halikosei, ila limechanganya unga na pumba bila kukuonya. Hiyo 86 ni hesabu ya Baraza zima la Wawakilishi baada ya uchaguzi: waliochaguliwa mwezi huo wa Juni, pamoja na wale ambao hawakuguswa kwa sababu muda wao ulikuwa haujaisha.

Chanzo ni katiba ya mwaka 1831, kifungu cha 51. Mwakilishi alichaguliwa kwa miaka minne, lakini kila baada ya miaka miwili nusu ya baraza ilirudi kwa wapiga kura. Nusu hiyo haikuchaguliwa kwa kuokota majina. Mikoa iligawanywa mafungu mawili. Fungu moja lilikuwa na Antwerp, Brabant, Flanders Magharibi, Namur na Luxembourg. La pili lilikuwa na Flanders Mashariki, Hainaut, Liège na Limburg. Siku ya kura ilikuwa Jumanne ya pili ya Juni. Seneti nayo ilikuwa na zamu zake: miaka minane kwa seneta, nusu ikitoka kila baada ya miaka minne.

Bunge likivunjwa, wote walirudi nyumbani na mzunguko ukaanza upya. Lilivunjwa mwaka 1870, na uchaguzi wa nchi nzima ukafanyika tarehe 2 Agosti. Baada ya hapo fungu la Antwerp na wenzake lilipiga kura 1872, 1876, 1880 na 1884, na fungu la Flanders Mashariki 1874, 1878, 1882 na 1886. Andika miaka hiyo kwenye safu mbili pembeni mwa daftari lako, maana wanafunzi wengi huanguka hapo hapo. Wanachukua matokeo ya 1882 na ya 1884, wanatoa moja kwa jingine, kisha wanatangaza kwamba "wapiga kura walibadili mawazo ndani ya miaka miwili". Waliopiga 1882 na waliopiga 1884 si watu wale wale, wala mikoa ile ile. Ukitaka kujua kama mpiga kura wa Brussels amegeuka, linganisha 1880 na 1884. Ya 1882 inakusaidia kwa jambo moja tu, nalo ni kujua baraza lilikuwa limekaa vipi kabla ya kura: Waliberali 79, Wakatoliki 59.

Baada ya kura, Wakatoliki 86, Waliberali 52. Viti 27 vimehama. Usiishie hapo, tafuta vilihama kutoka wapi. Viti 16 kati ya hivyo vilikuwa vya wilaya moja tu, Brussels, ambayo kwa miaka mingi ilikuwa ngome ya Waliberali. Tena waliovichukua hawakusimama kama Wakatoliki. Walijiita Wawakilishi Huru, wakakaa upande wa Wakatoliki. Ukiona jedwali linaandika 70 na lingine 86, huenda tofauti ni hao 16 tu.

Wilaya moja inawezaje kugeuza viti 16 kwa siku moja? Kwa sababu mpiga kura hakuchagua mtu mmoja. Alichagua majina mengi kadiri ya viti vya wilaya yake, na watu wengi walipiga orodha nzima ya chama. Tuchukue mfano wa wilaya yenye wapiga kura 10,000. Orodha ya kwanza ikipata 5,100 na ya pili 4,900, ya kwanza inabeba viti vyote, ya pili inatoka mikono mitupu. Watu 101 wakigeuka, viti vyote vinageuka nao. Kwa hiyo ukisoma mahali kwamba "nchi iliwakataa Waliberali", soma pole pole. Wengi wa wale 52 waliobaki walikuwa wa mikoa ambayo haikuulizwa chochote mwaka huo, hasa Hainaut na Liège. Kama zamu ya 1884 ingekuwa ya fungu la pili, kizaazaa hicho kisingetokea kwa namna ile. Sisi tunaona kalenda ilifanya kazi kubwa kuliko hotuba. Lakini haki isemwe: fungu la pili lilipopiga kura 1886, jiji la Ghent nalo likageuka, na Wakatoliki wakafika 98 dhidi ya 40. Upepo ulikuwepo kweli, ila ulifika kwa awamu.

Waliberali walikosa nini hasa? — Msomaji, South B

Shule, kodi na ugomvi wa nyumbani. Sheria ya tarehe 1 Julai 1879 iliondoa somo la dini kwenye ratiba ya kawaida ya shule za msingi za umma. Padri angeweza kufundisha, lakini nje ya saa za masomo. Maaskofu wakawanyima sakramenti walimu wa shule hizo na wazazi waliopeleka watoto huko, parokia zikajenga shule zao wenyewe, na mwaka 1880 serikali ikavunja uhusiano wa kibalozi na Vatikani. Kujenga shule mpya za umma kulihitaji pesa, waziri wa fedha Charles Graux akaongeza kodi mwaka 1883, na mwenye duka wa Brussels ambaye hakujali sana habari za maaskofu akajali mfuko wake. Juu ya hayo, chama chenyewe kilikuwa kimepasuka: waziri mkuu Walthère Frère-Orban hakutaka kupanua haki ya kura, huku kina Paul Janson wakiidai kwa sauti.

Mliandika kwamba mpiga kura alipaswa kulipa kodi ya faranga 42 na senti 32. Mbona nambari ya ajabu hivyo? Na mtu angeweza kudanganya? — Mwenye duka, Gikomba

Nambari ni ya ajabu kwa sababu ni tafsiri ya sarafu. Katiba iliandikwa mwezi Februari 1831, miezi michache baada ya Wabelgiji kujitenga na Uholanzi, na pesa iliyokuwa mikononi mwa watu ilikuwa florini ya Kiholanzi. Katiba ikasema kiwango kiwe kati ya florini 20 na 100 za kodi ya moja kwa moja kwa mwaka. Faranga ya Ubelgiji ilikuja 1832, na florini moja ikahesabiwa faranga 2 na senti 11.6 hivi. Zidisha kwa 20, unapata 42.32. Mwanzoni kiwango kilitofautiana, mijini juu, vijijini chini. Mwaka 1848, mapinduzi yalipokuwa yakiwaka Paris, bunge la Brussels liliharakisha kushusha kiwango hadi chini kabisa, florini 20 kila mahali, na daftari la wapiga kura likapanda kutoka takriban watu 46,000 hadi takriban 79,000. Chini ya hapo bunge lisingeweza kwenda bila kubadili katiba. Hata mwaka 1892, nchi ikiwa na watu milioni sita, waliokuwa kwenye daftari walikuwa takriban 137,000.

Kodi zilizohesabiwa zilikuwa za aina tatu: ya ardhi, ya leseni ya biashara, na ile iliyoitwa ya binafsi. Hiyo ya tatu ndiyo yenye vituko. Ilitozwa kwa vitu sita: thamani ya pango la nyumba, milango na madirisha, meko, fanicha, watumishi na farasi. Mwenye nyumba kubwa na farasi wawili aliingia kwenye daftari bila jasho. Kodi ya mke ilihesabiwa kuwa ya mume. Mke mwenyewe hakupiga kura. Na umri, mwanzoni, ulikuwa miaka 25.

Udanganyifu ulikuwepo, na ulikuwa wa kinyume na tunaouzoea. Hapa kwetu mtu humficha mtoza kodi mali yake. Kule mtu aliyepungukiwa faranga tatu nne kufika 42 alitangaza kitu cha ziada, kwa mfano farasi wa shambani aliyemtaja kama farasi wa kupandwa, akalipa kwa furaha. Chama kikiwa na fedha, kilimlipia. Ndiyo maana vita vya uchaguzi vilianza miezi mingi kabla ya Juni. Orodha za wapiga kura zilibandikwa hadharani, na mawakala wa vyama wakazipitia jina kwa jina, huyu akatwe, huyu aongezwe, kisha pingamizi na rufaa. Kwenye wilaya ndogo, majina thelathini yaliyofutwa mezani yalitosha kuamua kiti kabla ya karatasi hata moja kutumbukizwa sandukuni.

Niliwahi kuwa karani wa kituo cha kupigia kura. Naomba mnieleze siku yenyewe ilivyokuwa: nani aliita majina, karatasi ilitoka wapi, walihesabu vipi? — Msomaji, Eastleigh

Inategemea kama unauliza kabla au baada ya 1877.

Kabla ya hapo, mpiga kura wa kijijini hakupiga kura kijijini. Alisafiri hadi makao makuu ya wilaya, na nauli, gari la farasi na chakula cha mchana mara nyingi vililipwa na mgombea. Ukumbini majina yaliitwa moja baada ya jingine. Ukiitwa, ulikwenda mezani ukamkabidhi mwenyekiti karatasi iliyokunjwa, naye akaitia sandukuni. Karatasi hiyo ulikuja nayo kutoka nyumbani, umeiandika mwenyewe au umepewa na chama ikiwa tayari. Kwa jina ilikuwa kura ya siri.

Kwa vitendo, siri iliisha wakati wa kuhesabu, kwa sababu karatasi zilisomwa kwa sauti. Mwenye shamba alimwambia mpangaji wa kwanza aandike jina la mgombea peke yake, wa pili aongeze "wakili", wa tatu aongeze mji anakokaa, wa nne aweke vyote viwili. Kisha wakala wake akakaa ukumbini na kijitabu, akisikiliza. Maneno ya mpangaji yasiposikika, mpangaji amejulikana. Penye viti vinne mambo yalikuwa mepesi zaidi, kwani majina manne yanaweza kupangwa kwa njia 24, na mabwana wengi hawakuwa na wapangaji 24 wenye kura. Karani wa leo akiona karatasi ina alama ya ziada huiweka kando kama kura iliyoharibika. Kule alama hiyo ndiyo iliyokuwa risiti.

Sheria ya mwezi Julai 1877, iliyopitishwa na serikali ya Jules Malou na kufuata mfano wa Uingereza wa 1872, ilileta karatasi rasmi iliyochapishwa na kibanda cha kujificha. Tangu hapo mpiga kura hakuandika jina lolote, aliweka alama tu.

Kuhusu kushinda: mgombea alihitaji zaidi ya nusu ya kura zilizopigwa. Viti vilivyobaki bila mshindi viliingia duru ya pili, wakichukuliwa wagombea waliofuatia, wawili kwa kila kiti kilichobaki. Viti vitatu vimebaki, wagombea sita wanarudi. Hapo aliyeongoza alishinda hata bila kufika nusu.

Je, hii si sawa na marudio ya uchaguzi wetu wa 26 Oktoba 2017, ambapo kaunti nne hazikupiga kura? Au tuiite uchaguzi mdogo? — Msomaji, Umoja

Si hayo, si hayo. Oktoba 2017 kura ilitakiwa kupigwa kote, ikashindikana Kisumu, Siaya, Homa Bay na Migori, na mshindi akatangazwa bila kaunti hizo. Kule Ubelgiji hakuna mkoa ulioshindwa kupiga kura. Ile minne haikuwa na kiti cha Baraza la Wawakilishi cha kugombea Juni hiyo.

Uchaguzi mdogo nao ulikuwepo, mbali na hili la zamu. Mwakilishi akifa, kiti kilijazwa. Na kulikuwa na kifungu cha 36, ambacho wanasiasa wa kwetu wasingekipenda: mbunge aliyekubali kazi ya mshahara kutoka kwa serikali alipoteza kiti papo hapo mpaka achaguliwe tena. Uwaziri ulihesabiwa kuwa kazi ya namna hiyo hadi katiba ilipobadilishwa 1893. Kwa hiyo mtu alishinda kiti Juni, akateuliwa waziri, akarudi kwa wapiga kura wale wale kuomba upya.

Kuna tego jingine la tarehe, na mwenye kuandika insha alishike. Seneti ya 1884 ilikuwa bado ina Waliberali wengi, kwa hiyo serikali mpya ya Malou iliivunja peke yake, baraza likaachwa, na maseneta wakachaguliwa nchi nzima tarehe 8 Julai. Katiba iliruhusu kuvunja nyumba moja au zote mbili, mradi wapiga kura waitwe ndani ya siku 40. Ukikuta kitabu kinasema "uchaguzi wa 1884" bila mwezi, uliza ni upi.

Nilikuwa kijana Tanganyika wakati wa kura tatu. Uchaguzi ule nao ulifanywa nusu nusu, majimbo haya kwanza, yale baadaye. Je, Waingereza waliiga Wabelgiji? — Mzee wa Kaloleni

Shikamoo mzee. Kumbukumbu yako ni sahihi: majimbo matano yalipiga kura Septemba 1958, matano mengine Februari 1959. Lakini fundi wa hesabu angekuonyesha tofauti mara moja. Tanganyika ilikuwa ikijaza baraza moja kwa awamu mbili, na nusu zote mbili zikaanza na kumaliza pamoja. Ubelgiji haikuwa na mwanzo wala mwisho. Kila nusu iliikuta nyingine imekaa. Hizo kura tatu zenu, ambazo TANU ilizijadili Tabora Januari 1958 kabla ya kukubali kushiriki, zilimlazimu kila mpiga kura kuchagua Mwafrika, Mwasia na Mzungu. Masharti ndiyo yanayofanana kidogo na yale ya 1831: kipato cha shilingi 3,000 kwa mwaka, au elimu ya darasa la nane, au cheo kinachotambuliwa.

Kwa kura nyingi mkononi mwa mtu mmoja, ndugu wa karibu wa Ubelgiji ni Kenya ya Machi 1957, ambapo Mwafrika aliyetimiza masharti ya elimu, kipato, mali na kadhalika aliweza kupewa hadi kura tatu. Ubelgiji ilianza hivyo 1893. Kila mwanamume wa miaka 25 akapata kura moja, na kupiga kura kukawa lazima. Ukiwa na miaka 35, familia halali na nyumba inayolipiwa kodi ya faranga 5, uliongezewa ya pili. Mali ya thamani ya faranga 2,000 ilikupa nyongeza, shahada ya elimu ya juu ilikupa mbili, mwisho tatu. Mwaka 1894 walihesabiwa watu 853,628 wenye kura moja, 293,678 wenye mbili na 223,381 wenye tatu. Zidisha na ujumlishe: watu 1,370,687 walikuwa na kura 2,111,127. Wale wa kura moja walikuwa zaidi ya nusu ya watu, lakini kura zao zilikuwa chini sana ya nusu.

Zamu za mikoa ziliendelea hata baada ya hapo, na hata baada ya sheria ya Desemba 1899 kugawa viti kwa uwiano wa kura. Ya mwisho ilikuwa Mei 1914. Vita vikaja, uchaguzi wa 1919 ukawa wa nchi nzima, na mwaka 1921 katiba ikafuta zamu.

Nimezaliwa Lubumbashi. Huo uchaguzi wa 1884 unatuhusu sisi wa Kongo? — Mama wa Kayole

Unawahusu, mama, ingawa Kongo haikuwa hoja ya kampeni. Kifungu cha 62 cha katiba yao kilimkataza mfalme kuwa mkuu wa nchi nyingine bila idhini ya nyumba zote mbili: theluthi mbili ya wajumbe wawepo, na theluthi mbili ya kura zikubali. Mkutano wa Berlin ulikwisha Februari 1885, na Leopold II alihitaji idhini hiyo haraka. Bunge alilolikuta ni lile lile la Juni na Julai 1884, chini ya waziri mkuu Auguste Beernaert, aliyempokea Malou kijiti Oktoba 1884. Mwishoni mwa Aprili 1885 wajumbe walikubali karibu kwa kauli moja, Waliberali kwa Wakatoliki, wakiamini kwamba Kongo ingekuwa mali ya mfalme na gharama zake zingekuwa zake. Ndiyo maana hatudhani bunge la Waliberali lingemkatalia. Ubelgiji yenyewe iliichukua Kongo 1908.

Luxembourg si nchi? Imeingiaje kwenye orodha ya mikoa? — Msomaji, Pangani

Ziko mbili. Mwaka 1839 Luxembourg ilikatwa: upande wa magharibi, wenye makao makuu Arlon, ukawa mkoa wa Ubelgiji, na ndio uliopiga kura 1884. Upande wa mashariki ni ile nchi unayoijua. Limburg nayo ilikatwa mwaka huo huo, Hasselt ikabaki Ubelgiji na Maastricht ikaenda Uholanzi.